Unyevu wa Karanga

Adalbert hakuwa mwizi. Jambo hilo tulimalize mapema, maana mtaani kwake Bel-Air wapo waliokuwa wakisema vingine, na wengi wao hawakuwahi kumwona akiwa kazini. Kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa mizani katika depo moja ya kununua madini ya shaba, kwenye barabara ya kwenda Kinsevere, na kazi yake aliifanya kwa moyo mweupe kabisa. Wachimbaji walileta magunia, magunia yakapandishwa kwenye mizani, mshale ukasimama, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Adalbert alitia mkono ndani ya gunia, akafikicha mchanga wa madini kwa vidole, akaunusa, akatazama mbingu kidogo, kisha akatamka unyevu. Akisema kumi, kumi zilikatwa katika kila mia. Akisema ishirini, basi ishirini. Kifaa cha kupimia unyevu kilikuwepo ofisini, kimefunikwa kitambaa kizuri, lakini tajiri wa depo alisema mkono wa Adalbert una akili zaidi.

Kilichokatwa kilikwenda wapi? Swali hilo halikumnyima usingizi. Maji ni maji, yanakwenda yanakokwenda. Kwamba kila mara depo ilikuwa inauza shaba nyingi kuliko ile iliyonunua, hayo yalikuwa mambo ya ofisi, na Adalbert hakuwa mtu wa kuchungulia ofisi za wenzake.

Ubaya wa mazoea hayo ni kwamba hayakubaki depo. Alipostaafu, tajiri alimpa zawadi ya mizani ndogo ya mshale, na kuanzia siku hiyo nyumba nzima ikawa depo. Mkate ukiletwa mezani aliubonyeza, akatangaza kwamba robo yake ni mvuke. Sabuni mpya aliianika juani kwanza, ili ajue amenunua nini hasa. Hata kanisani, padre akirefusha mahubiri, Adalbert alifumba macho akawa anakata unyevu, na wakitoka nje humwambia mkewe kwamba mahubiri makavu yalikuwa sentensi mbili. Mkewe Mwape, mwanamke wa Sakania asiyependa kubishana njiani, hujibu tu "Njo vile, Papa Bénie," yaani ndivyo hivyo, baba Bénie, na kuendelea na safari.

Duniani kilikuwepo kitu kimoja tu ambacho Adalbert hakuwahi kukikata unyevu, nacho ni binti yake Bénie. Huyo alimpokea jinsi alivyo, na uzito wake wote. Alimpenda hadi kuona haya, na kwa kuwa hakujua namna ya kusema, alikuwa anamnunulia viatu.

Sasa Bénie alitaka kuolewa. Kijana mwenyewe ni Hénoc, fundi wa umeme kule uwanja wa ndege wa Luano, mpole, mwenye mikono safi, na Adalbert hakuona kasoro. Tatizo lilikuwa Kapya. Kapya ni ndugu mkubwa wa marehemu baba yake Hénoc, ndiye aliyemlea, na ndiye msemaji wa ukoo. Zamani alikuwa mchimbaji. Siku hizi ana lori la kubeba mchanga wa kujengea, na mabega yake bado yanapita mlangoni kwa shida. Siku ukoo wa Hénoc ulipokuja kujitambulisha, watu wote walikaa isipokuwa yeye. Alisimama karibu na mlango toka mwanzo hadi mwisho, akimtazama Adalbert, na soda aliyopewa aliirudisha ikiwa imefungwa. Alipoulizwa tarehe ya ndoa alisema, "Tarehe, nitasema siku tutakula byakula byenu. Mbele ya kula, hapana."

"Umeona ile heshima?" Adalbert alimwambia mkewe wageni walipoondoka. "Muntu mukubwa, lakini mbele yangu hakukaa."

Mwape aliendelea kukusanya chupa za soda. Alikuwa ameona macho ya yule mzee, na heshima hakuiona humo.

Miezi ikapita na tarehe haikutajwa. Bénie alikuwa amekwisha kuchagua kitambaa, kisha kitambaa kikapitwa na wakati, akachagua kingine. Alianza kupungua mwili, na jioni alikaa barazani akitazama simu isiyolia. Adalbert akimwona hivyo moyo ulimuuma kabisa, akaenda kununua viatu.

Njia ilikuwa moja: chakula. Kwa watu wa upande wa Sakania, mwanamume hali kitu nyumbani kwa wakwe zake mpaka kwanza aonyeshwe moto, ndiyo hiyo wanayoiita chilanga mulilo. Wanawake wa upande wa binti hupika kila aina ya chakula wanachokula kwao, wakafunika vyungu kwa vitambaa, wakavibeba kichwani kwa nyimbo hadi kwa bwana harusi, na kumfunulia kimoja kimoja: hivi ndivyo tunavyokula, hivi ndivyo binti yetu atakavyokupikia. Katika ukoo wa Kapya chungu cha kwanza kufunuliwa ni majani ya maboga yaliyopikwa kwa karanga. Mkubwa wa ukoo akila hicho, vingine vyote vinafunuliwa na maneno yanaendelea. Akiweka kijiko chini, vyungu vinarudi vilikotoka, na binti anarudi kutazama simu yake. Mtu yeyote aliyekuwa na masikio pale Bel-Air alijua kwamba ndoa ya Bénie imekalia chungu hicho.

Mwape alipanda gari kwenda Sakania kumchukua shangazi yake Chilufya, mwanamke anayejua desturi hizo hadi mizizi yake, ambaye hufundisha mabinti kabla ya ndoa. Kabla ya kuondoka alimpa mumewe kopo, kopo la bati la maziwa ya unga ambalo lilikuwa limepimia kila kitu katika nyumba hiyo.

"Kwa Lydie, ku soko," alisema. "Makopo kumi ya kalanga ya kusaga. Ile laini ya mashine. Kumi, Papa Bénie. Na ile balance yako ya mushale ibakie ku nyumba."

Adalbert akaitikia vizuri. Gari la mkewe lilipokata kona tu, akapakia mizani.

Lydie alikuwa na mashine ya kusagia karanga karibu na njia ya reli, na beseni kubwa lenye karanga laini iliyong'aa juu kwa mafuta yake. Alipomwona Adalbert anakuja na mizani kifuani, alikaza kilemba chake vizuri.

"Papa Bénie, karibu. Makopo ngapi?"

"Miye sinunuake na kopo," alisema Adalbert. "Nanunua poids, uzito."

"Lakini kopo njo mesure, kipimo ya bantu bote hapa."

"Kopo inabebaka hewa, mama. Unanipimia hewa, nalipa hewa, bibi yangu anapika hewa. Kisha ba buko bangu, bale bakwe, banakula hewa."

Lydie akacheka, na wanunuzi waliokuwa nyuma wakasogea. Adalbert hakuchukia, alizoea kufanya kazi mbele ya watu. Aliweka kopo tupu juu ya mizani, akasoma uzito wake. Akalijaza maji mpaka ukingoni, akasoma. Akayamwaga, akalifuta kwa leso, akamwomba Lydie alijaze karanga, akapitisha kisu juu ili lisiwe na mlima, akasoma tena. Karanga ilikuwa nzito kidogo kuliko maji. Kopo moja la Mwape, alitangaza, ni gramu mia nne za karanga, na makopo kumi ni kilo nne. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi kabisa, hata Lydie alitikisa kichwa kukubali. Angelipa hapo na kwenda zake, leo tusingekuwa na la kusimulia.

Lakini jicho lake liliangukia mafuta yale yaliyokuwa yanang'aa juu ya beseni.

"Na hii ni nini?"

"Mafuta."

"Inatokea wapi?"

"Mu kalanga, Papa."

"Donc, basi," alisema Adalbert, "iko humidité, ile unyevu."

"Haina maji, Papa Bénie. Mafuta njo kalanga yenyewe."

Adalbert akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lile lile alilowapa wachimbaji kwa miaka mingi, tabasamu la mtu anayewahurumia wasiojua. Akatia kidole ndani ya beseni, akafikicha, akanusa, akatazama mbingu kidogo.

"Kumi na tano," alitamka.

Kilo nne, basi, zilikuwa uzito wa mbichi, na mbele ya Kapya yeye hakutaka kupeleka uzito wa mbichi. Alitaka kilo nne kavu, za haki. Ili azipate ilibidi anunue zaidi, akanunua zaidi, na Lydie ambaye hakuwa na sababu ya kumzuia mteja kununua zaidi alimpimia, akamfungia, akamtakia baraka.

Nyumbani aliweka beseni juani mpaka mafuta yote yakapanda, akayamimina kwenye chupa. Kilichobaki akakikanda, akakifunga ndani ya kitambaa cheupe, akaweka jiwe juu yake. Mafuta mengine yakatoka, nayo yakaingia chupani. Alirudia hivyo mpaka karanga ikawa tonge gumu la rangi ya tofali, ambalo ukiligonga kwa kidole linajibu. Akalipima: kilo nne kamili. Alisimama akalitazama kwa furaha ya kweli, kwa sababu katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuuona mzigo mkavu namna ile.

Bénie alitoka jikoni, akaona kitambaa, akaona jiwe.

"Papa, Mama alisema kopo kumi tu."

"Na njo kopo kumi, mama. Lakini za kweli. Ulishaona baba yako anakuaibisha mbele ya bantu?"

Bénie hakuwahi kuona, au alikuwa bado hajaona, kwa hiyo alirudi jikoni.

Chupa ya mafuta Adalbert aliifunga kizibo, akaizungushia gazeti, akaifungia ndani ya buti la gari lake. Hakuitaka kwa lolote. Hata hapendi mafuta. Ila depo walikuwa na kanuni moja isiyohitaji kusemwa: kilichokatwa hakibaki karibu na mwenye mzigo. Kikibaki karibu atakiomba, na akirudishiwa, basi kimekatwa nini?

Asubuhi ya siku yenyewe Mwape alifika na shangazi Chilufya, na ua ukajaa wanawake, moshi na sufuria. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukagua karanga; ilikuwa imekwisha kukatwakatwa na kupangwa vizuri ndani ya bakuli, na Adalbert mwenyewe alikuwa anapitapita nyuma ya watu akisalimia kwa fahari. Chilufya aliitumbukiza kwenye majani ya maboga yaliyokuwa yanachemka, akapunguza moto, akakaa kwenye kigoda kusubiri. Mpishi wa karanga hatazami saa. Anatazama juu ya chungu. Mafuta ya karanga yakipanda na kutanda juu, chakula kimeiva, yasipopanda, bado.

Hayakupanda.

Chilufya akakoroga, akasubiri. Akaongeza maji, akasubiri tena. Karanga ikanywa maji hayo, ikavimba, ikaomba mengine. Mwiko ukaanza kuwa mzito mkononi. Harufu ya kuungua ikaja, kidogo kwanza, kisha bila aibu.

"Kalanga hii inakataa kutosha mafuta yake inje," alisema Chilufya. "Tangu nizaliwe sijaona kalanga ya kichwa nguvu namna hii. Papa Bénie! Kalanga ulinunua wapi?"

"Kwa Lydie," alijibu Adalbert kutoka dirishani.

"Ilikuwa na mafuta?"

"Ilikuwa na humidité. Nilitosha yote, niliondoa." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesubiri kushukuriwa.

Wanawake wote waligeuka. Mwape aliweka kisu chini polepole.

"Ulitosha," alisema Chilufya. "Uliweka wapi?"

Hapa Adalbert angeweza kusema: iko kwenye gari, ngoja nilete. Buti lilikuwa hatua chache tu, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Lakini wanawake wale walikuwa wamemkazia macho, na katika maisha yake mkuu wa mizani hakuwahi hata mara moja kurudi nyuma baada ya kutamka. Neno likamtoka lenyewe, kwa sauti ya depo.

"Iliisha," alisema.

Mwape aliokota kisu chake tena. Wanawake wa kuimba walikuwa wamekwisha kufika kwenye geti, kule Katuba, mtaani kwa Kapya, wakwe walikuwa wanasubiri, na kuanza upya hakukuwezekana. Chilufya alikataa katakata kutia mafuta ya dukani ndani ya chungu hicho. Alisema afadhali aibu ya kweli kuliko utamu wa uongo. Akakifunika kwa kitambaa chekundu, akamwomba Mungu kwa Kibemba, wakaondoka.

Desturi haimruhusu baba wa binti kuingia kwenye shughuli hiyo. Adalbert aliegesha gari nje ya ukuta wa Kapya, akashusha kioo, akakaa akisikiliza. Nyimbo ziliingia ndani, ngoma ikafuata, vigelegele vikapanda. Akawaza jinsi Kapya atakavyoonja karanga isiyo na hila hata chembe, na jinsi atakavyouliza ni nani aliyeipima. Mara ngoma ikakatika. Ukimya ulioingia nyuma yake haukuwa wa watu wanaokula; watu wanaokula huwa na kelele zao. Adalbert akatoa kichwa dirishani.

Mwape akatoka getini, peke yake, kitambaa chekundu kikiwa mkononi.

"Kapya anakuita."

"Miye? Lakini desturi..."

"Anasema, muniitie ule wa balance."

Ndani, wanawake walikuwa wamesimama kando ya ukuta na vyungu vyao vimefunikwa bado. Hénoc alikaa mkekani akitazama magoti yake. Bénie alikuwa amepiga magoti nyuma ya shangazi yake, na hakuinua uso baba yake alipoingia. Adalbert aliona mabega yake yakitetemeka, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza siku hiyo aliogopa. Mbele ya Kapya kilikuwa chungu cha karanga. Kijiko kilisimama katikati yake, wima, bila kushikwa na mtu.

"Kaa, Papa Bénie," alisema Kapya.

Adalbert akakaa.

"Niliweka mu kinywa. Ilishikana hapa juu," alisema mzee akionyesha kaakaa. "Nikajiuliza, ni nani anaweza kupika kalanga ikakosa kalanga? Mama Chilufya ameniambia ulitosha humidité. Nikasema aah. Mukono huu ninaujua."

"Ba buko," alianza Adalbert, "poids iko ya kweli. Kopo moja iko gramu mia nne. Naweza kuleta balance..."

"Poids siulize. Sikiliza. Ule mwaka nilikuya ku dépôt yenu na magunia yangu. Ilikuwa mwezi wa nane, vumbi mpaka mu meno. Mvua hatujaona tangu Pasaka. Weye ulitia mukono mu gunia yangu, ukaangalia mbingu, ukasema ishirini na tano. Nikakulomba, Papa, kama ni maji, maji yangu iko wapi? Nionyeshe. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Adalbert alitafuta kichwani. Aliyatafuta mabega yale, sura ile, gunia lile, asione kitu. Magunia yalikuwa mengi mno. Swali hilo aliulizwa na watu wengi mno, na wote aliwapa jibu moja.

"Iliisha," alisema polepole.

"Njo vile. Iliisha. Na bote ku dépôt balicheka, na weye ulicheka. Ule mwaka, uyu Hénoc alibakia ku nyumba, hakusoma. Alikuwa analia asubuhi, akiona benzake banapita na cartable ya masomo mu mugongo." Kapya hakupandisha sauti. Angeipandisha, ingekuwa rahisi zaidi. "Ile siku niliinama, nikabeba magunia yangu ya bure, bila kitu ndani, nikaenda. Leo miye njo niko nauliza tena, na leo niko ku nyumba yangu. Mafuta ya kalanga hii iko wapi?"

Adalbert alijua vizuri neno linalofuata. Lilikuwa limekwisha kupanda hadi kwenye ulimi. Kisha akamwona Bénie ameinua uso. Alikuwa anamtazama baba yake, na katika macho yake hakukuwa na hasira wala lawama. Alikuwa anasubiri tu kujua baba yake ni mtu gani. Adalbert aliona aibu, aibu nzito ambayo hata angetaka kuipunguza asingejua aanzie wapi.

"Iko mu motokari," alisema.

Chilufya akapiga kofi moja kubwa, akajifunika mdomo.

Adalbert alitoka, akafungua buti, akaondoa gazeti. Alirudi amebeba chupa kwa mikono miwili mbele ya wanawake wote, na wanawake wale hawakuimba. Akapiga magoti mbele ya chungu. Akang'oa kizibo na kumimina, na mafuta ya dhahabu yakateremka taratibu juu ya karanga ngumu. Chilufya alisogea na mwiko na maji ya moto, akakoroga, akaongeza, akakoroga. Chungu kikapumua. Kijiko kikalala. Harufu ya karanga, ile ambayo jiwe la Adalbert liliizuia tangu juzi, ikajaza nyumba yote.

Kuungua hakukuondoka kabisa. Kapya alionja, akatafuna, akakunja uso kidogo kwa ajili ya kuungua huko, akameza. Akaonja tena.

"Sasa iko kalanga," alisema. "Hénoc, kula."

Ngoma ikarudi kwa fujo, vyungu vikafunuliwa kimoja baada ya kingine, na kati ya kuku na maharage Kapya alitaja tarehe: Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Bénie alilia waziwazi mbele ya watu, na Mwape akamwacha alie. Adalbert alibaki palepale sakafuni na chupa tupu mapajani, maana hakuna aliyekumbuka kumwambia ainuke.

Vyombo vya chakula cha wakwe havirudi vitupu; hiyo pia ni desturi. Juma lililofuata Hénoc alileta vyungu Bel-Air. Kimoja kilikuwa na unga, kingine na kitenge, kingine na mayai yaliyofungwa kwa majani makavu. Mwisho akatoa ile chupa. Adalbert alikuwa ameisahau kwa Kapya, au alikuwa ametamani kuisahau. Ilikuwa imejaa hadi shingoni, imefungwa kizibo kipya, na ndani yake mlikuwa na maji safi.

"Papa Kapya anakusalimia sana," alisema Hénoc, akitazama chini kwa heshima, ingawa pembe za mdomo zilikuwa zinamshinda. "Anasema, hii njo maji ya magunia yake. Ulishaitoshaka ku dépôt, lakini yeye hakukuletea hata siku moja. Anasema umusamehe, alikawia. Sasa mumemalizana na yeye, hakuna deni."

Mwape aliingia ndani haraka, na kutoka chumbani wakasikia anacheka mpaka anakohoa.

Adalbert hakucheka. Alipokea chupa kwa mikono miwili, kama mkwe anavyopokea, akashukuru. Hénoc alipokwenda, aliiweka juu ya mizani kwa sababu hakujua jambo lingine la kufanya na kitu alichopewa. Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukasimama. Alikaa akiutazama muda mrefu. Bénie akaja akasimama nyuma yake, akaweka mkono begani mwa baba yake.

"Papa," aliuliza kwa utani, "humidité iko ngapi?"

Adalbert hakuitazama mbingu.

"Yote, mama," alisema. "Mu magunia yake hamukukuwa hata tone."